Abiria wa Chevelle

Jumamosi ya mwisho ya Januari, Inaam Karnib aliingia gerejini kuchukua nyama kwenye friza, akaona vioo vya gari vimeingia ukungu kwa ndani.

Alisimama na bakuli lake mkononi. Gari lile lilikuwa ndani ya hema la plastiki angavu, limefungwa zipu pande zote, na feni mbili ndogo zikilipulizia hewa kavu saa zote ili kutu isipate pa kuanzia. Halikuwa na betri. Tangi lake halikuwa na tone la mafuta. Nje theluji ilikuwa imefunika uchochoro mzima, na humo gerejini baridi ilikuwa inauma vidole. Na bado kioo cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu, ule wa mtu aliyekaa garini muda mrefu akimsubiri mwenzake atoke dukani.

Aliutazama. Ukungu ukapungua kidogo, kisha ukatanda. Ukapungua tena. Ukatanda.

Inaam akasema bismillahi, akachukua nyama yake, akatoka kinyumenyume.

Lilikuwa Chevelle la mwaka 1970, jekundu, mistari miwili myeusi juu ya boneti, injini ya silinda nane ambayo zamani ikinguruma vikombe vilicheza kabatini kwa jirani wa nyumba ya tatu. Nizar, kaka mkubwa wa mumewe, alilinunua kwa mishahara yake ya kiwandani, miaka miwili tu baada ya kufika Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani, kutoka Lebanon na sanduku moja la nguo. Nizar hakuoa, hakuzaa. Alipofariki, gari likaja kwa mdogo wake, Adib. Na Adib, ambaye mazikoni hakutoa chozi mbele za watu, alirudi nyumbani akayamwaga mafuta yake, akalitoa betri, akalinunulia hema, akalifunga. Ikapita miaka kumi na mitatu.

Kila Jumapili binti yao Lubna, ambaye kazi yake ilikuwa kupima injini kiwandani, alikuja kula, na kila Jumapili ugomvi ulikuwa ule ule.

"Baba, hilo ni gari au ni maiti ya farao?"

"Kula wali wako."

"Mafarao angalau waliwekewa chakula kaburini. Wewe hata mafuta umelinyima. Mpira unakauka, baba. Gari lisipotembea linakufa."

"Likitembea linakwisha," Adib alijibu. "Ile rangi ni ya kiwandani, haijaguswa. Mkanda wa kiti, mtu wa mwisho kuufunga ni ami yako. Yamebaki mangapi namna hiyo dunia nzima? Kila maili unayoliendesha unalipunguza, na maili hairudishwi. Juzi kanipigia tajiri mmoja wa Ohio, yuko tayari kutoa bei ya nyumba, ila lisiongezeke hata maili moja."

"Muuzie basi, akalitazame yeye."

"Lubna!"

"Mimi ninachotaka," Inaam alikuwa akisema hapo, "ni nafasi ya friza la pili." Wote watatu walicheka, na mambo yakaishia hapo.

Lakini Novemba daktari alimwambia Adib kwamba moyo wake umevimba na umechoka. Alitaja miezi, hakutaja miaka. Tangu siku ile Adib akawa anashinda gerejini. Alikuwa akiweka kiti nje ya hema, koti mabegani, analitazama gari. Inaam alidhani mumewe anaaga, akamwachia. Kila mtu ana namna yake ya kuaga.

Baada ya ule ukungu ndipo alipoanza kumwangalia vizuri, na alichokiona kilimkosesha raha.

Sahani za Adib zilikuwa zinarudi jikoni kama zilivyotoka. "Sina njaa, Mama Lubna," alisema kwa upole. Lakini hakukonda. Wembe wake ulikuwa mkavu wiki nzima, kisha wiki mbili, na ndevu zake zilikuwa zile zile, vijinywele vifupi vyeupe vya siku moja. Inaam alimshika kidole akatazama ukucha: palepale palipokuwa na mkwaruzo mdogo mwezi uliopita, ulikuwepo bado, haukupanda hata unywele mmoja.

Februari walirudi kwa daktari. Daktari aliweka picha mbili za moyo pamoja, ya Novemba na ya siku ile, akazitazama hadi akavua miwani. "Sijui nikuambieje, Bwana Karnib. Hakuna kilichobadilika. Ningekuwa sijui, ningesema ni picha ile ile nimeipiga mara mbili."

Njiani kurudi Adib alicheka peke yake, akaweka mkono juu ya mkono wa mkewe. Inaam alitaka kufurahi. Alijilazimisha kufurahi. Ila mkono ule ulikuwa na baridi ya jiwe lisilopata jua, na mapigo yake, alipoyatafuta kwa kidole gumba kifundoni, yalikuwa yanapiga pigo moja, yakinyamaza mpaka yeye mwenyewe abanwe pumzi, ndipo yapige jingine.

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, alikuwa akikunja nguo kwenye chumba cha kufulia, ambacho ukuta wake ni mmoja na gereji, akamsikia Adib akizungumza.

"Wallahi, hata mimi nilimwambia," Adib alisema. Kikapita kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Kisha Adib akacheka. Kisha ikasikika sauti ya springi za kiti cha zamani, kama mtu mnene kajigeuza.

Inaam aliweka chini shuka aliyokuwa ameishika. Alisogea mlangoni bila kuvaa viatu, akausukuma kidogo tu, na harufu ikamjia kwanza, harufu ya mafuta ya gari na ngozi mpya na kitu kingine chini yake, kama chumba kilichofungwa na maua yaliyooza ndani, na kupitia ule upenyo akamwona mumewe ameketi nyuma ya usukani, ndani ya gari, ndani ya hema, na zipu ya hema imefungwa kwa nje mpaka mwisho na kufuli yake ndogo ya shaba imening'inia, na Adib ameelekeza uso upande wa abiria ambako hapakuwa na mtu, isipokuwa kiti chenyewe kilikuwa kimebonyea, kimebonyea chini na kimebonyea mgongoni, kama kinavyobonyea kiti kilichokaliwa, na wakati Inaam anatazama ule mbonyeo ukazunguka taratibu kumwelekea yeye, na juu ya ukungu wa kioo, kutokea ndani, pakafutwa mahali pa ukubwa wa kiganja.

Kitu kilikuwa kinamchungulia.

Alifunga mlango. Alikaa sakafuni katikati ya nguo safi, akasoma alichokikumbuka, na alichokikumbuka kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

Jua lilipotua Adib aliingia ndani, akaketi kwenye kochi.

"Mama Lubna. Anakusalimu."

"Nani?"

"Usiogope. Hana ubaya." Alitabasamu. "Anasema hapa hakuna kitakachoharibika."

Hajja Tufaha, aliyeitwa na Inaam, alikuja Jumanne adhuhuri, na viatu vyake vikubwa vya theluji na ubani wa kutafuna mdomoni. Alikuwa mwanamke wa Najaf, Iraq, jirani wa mtaa wa pili, aliyeosha maiti za wanawake na kuwasomea wagonjwa. Hakufukiza kitu. Alivua glavu, akaweka sikio kwenye plastiki ya hema, akasikiliza kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Adib alikuwa mle garini, macho wazi, hageuki.

Hajja alisoma kwa sauti ya chini. Feni zikasimama. Akasoma tena, na mdomo wa Adib ukafunguka, ikatoka sauti isiyo yake, sauti ya adabu, nyembamba, ya mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba.

"Mimi sikuvunja mlango wa mtu, bibi. Nilikuta mahali patupu."

"Toka," Hajja alisema.

"Nikitoka mimi, moyo wake unaanza kuhesabu. Muulize mkewe kama anataka nitoke."

Hajja alimshika Inaam mkono, akamvuta hadi jikoni, akafunga mlango. Walinong'ona mbele ya sinki kama wezi.

"Huyo hakuja kwa kisirani, mwanangu. Mmekifunga kitu miaka yote hiyo, hamkigusi, hamkitajii jina la Mungu. Mlitegemea kibaki kitupu? Wale wanapenda mahali pa namna hiyo. Na kazi yao ni moja, wanachokikuta wanakiweka vile vile."

"Na mume wangu?"

"Mumeo ameingia akaketi ndani yake."

"Hajja, daktari kasema hajazidiwa. Huenda anamponya."

"Hamponyi. Anamhifadhi." Hajja alitema ubani kwenye karatasi. "Nikisoma hapa mpaka Ramadhani hatatoka, maana mwenye mali kamkaribisha. Mwenye gari aliwashe mwenyewe, kwa ridhaa yake, alitoe barabarani, lipate moto, lipate tope. Kile kiumbe hakiwezi kukaa kwenye kitu kinachotumika."

"Halafu moyo wake?"

Hajja alivaa glavu zake. "Utaendelea pale ulipoishia."

Inaam alibaki na maneno hayo siku mbili. Akimtazama Adib kwenye kochi, ameketi wima, hali chakula, hakohoi, haulizi habari ya mtu, alijiambia: yupo. Ningali na mume. Wajane wangapi wangelipa chochote wapate hiki nilicho nacho? Kisha alipita mbele yake, na macho ya Adib hayakumfuata.

Alhamisi alimpigia binti yake simu. "Njoo na betri," alisema.

Lubna alifika Ijumaa asubuhi na boksi la vifaa, betri mpya, na galoni mbili za petroli. Mama alimsimulia yote, na Lubna, ambaye maishani mwake hakuamini kitu kisichopimika, alifungua mdomo acheke. Ndipo alipomwona baba yake nyuma ya kioo. Hakucheka.

Zipu haikufunguka. Alichana hema kwa kisu, juu hadi chini, na baridi iliyotoka humo ilizima taa ya gereji. Walifungua mlango wa nje kidogo wapate mwanga wa mchana. Lubna alifunga betri, akamimina mafuta, akatoa plagi, akadondosha oili kwenye silinda, akazirudisha. Alipoinuka, nati za betri zilikuwa zimelegea na betri iko chini sakafuni, safi, kwenye karatasi yake ya dukani. Galoni za petroli zilikuwa zimejaa hadi shingoni.

Akafunga tena. Akamimina tena. Aligeuka kuchukua kitambaa, akasikia *klik* ndogo, na betri ilikuwa sakafuni.

Mara ya tatu hakugeuka, alikodoa macho hadi yakatoka machozi, na alipopepesa tu, mara moja, kila kitu kilirudi kilikotoka.

"Mama," alinong'ona. "Kila ninachofanya kinafutika. Siwezi."

"Funga mara moja tena. Ukimaliza, inua mlango wote, simama nje."

"Wewe unakwenda wapi?"

Lubna akauliza, akiinamia betri tena. Inaam alizunguka upande wa abiria, akashika kitasa, kikamng'ata kwa baridi, akafungua. Kiti kilikuwa kimebonyea. Alijua kwamba akifikiri hataweza, kwa hiyo hakufikiri, alisema jina la Mungu akageuka akaketi, akaketi juu ya kile kilichokuwa kimeketi pale, na ilikuwa kama kukaa kwenye maji ya ziwa mwezi wa Februari, baridi ikampanda mapajani ikamzunguka kiuno ikamshika mbavu kwa mikono ambayo haikuwa na idadi, na sikioni mwake, karibu kabisa, ile sauti ya adabu ikasema, "Kuna nafasi ya wawili, Mama Lubna. Goti lako linauma. Haliwezi kuzidi kuuma. Kaa nasi," na jambo baya kuliko yote, jambo ambalo hakumwambia mtu mpaka miaka mingi baadaye, ni kwamba goti lake liliacha kuuma, na akaona raha.

Alinyoosha mkono akamshika mumewe shavu.

"Adib. Unakumbuka siku ya posa yetu? Nizar alikuazima gari hili, ukaja kunionyesha mwendo."

Sauti ya Adib ikaja kutoka mbali, "Ulipiga kelele."

"Nilipiga kelele kwa sababu ulipita taa nyekundu, mwendawazimu wewe."

"Ilikuwa ya njano."

"Nyekundu!"

Pembe ya mdomo wake ikatikisika. Macho yakamgeukia, polepole, kama mlango uliosahau bawaba zake.

"Inaam. Nikiwasha nitakufa."

"Najua."

"Unajua, na umekuja kuniambia niwashe?"

"Mimi niliolewa na mtu," alisema, na meno yalikuwa yanagongana hata maneno yakakatika. "Mtu anayekoroma, anayemwaga kahawa. Sikuolewa na kitu cha kutazama. Siwezi kukupitia kila siku pale kwenye kochi kama picha. Siwezi, Adib. Hata iwe miezi miwili, nipe ya kweli."

Ile baridi ikamkaza shingo. "Muongo," ikanong'ona, na safari hii haikuwa na adabu. "Anataka ufe."

Adib alitazama usukani. Alitazama mikono yake juu yake, kucha zake. "Nizar alinikabidhi," alisema kwa sauti ya mtoto. "Nikaogopa likiharibika, ndiyo basi, hakuna tena Nizar."

"Nizar alikuwa anakula shawarma humu ndani na mchuzi unamtiririka."

Adib alitoa kicheko kimoja kikavu. Akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo.

Stata ililia, ikalia, ikaguna. Gari zima likatetemeka, na boneti ikaanza kujiinua. Lubna, nje, alijitupa juu yake kwa tumbo akaikandamiza, betri isitolewe tena. Adib alizungusha tena, akasema bismillahi kwa sauti kubwa, na injini ikashika.

Mngurumo ule ulijaza gereji, ukatoa vumbi darini. Lubna aliruka pembeni. Chevelle likatoka na moshi mweusi, likakata tope la theluji uchochoroni, na sauti iliyokuwa sikioni mwa Inaam ikaacha kuwa maneno.

Walishika Michigan Avenue. Mwezi Machi ulikuwa umeingia, na barabara ilikuwa nyeupe kwa chumvi ya kuyeyusha barafu, ile ambayo wenye magari ya namna hii wanaiogopa kuliko moto kwa sababu huleta kutu. Iliruka chini ya matairi ikigonga chuma, na kila ilipogonga kile kitu kilipiga yowe mapajani mwa Inaam, kikimpasua ngozi kwa baridi, kikipanda kifuani, kikitafuta mdomo wake, na Adib anaongeza gia, sindano inapanda, joto la injini linaanza kupenya miguuni, na Inaam amefumba macho anasoma yale machache aliyoyakumbuka, anarudia, anarudia, hata lori lililokuwa mbele yao likarusha jiwe.

*Ta!*

Kioo cha mbele kilipata nyufa, kutoka pembe moja hadi ya pili. Mapaja ya Inaam yakawa mepesi ghafla. Dirisha la upande wake lilishuka lenyewe, kikapita kitu kikubwa kisichoonekana, kikamkwaruza bega, na nje, kwenye anga la kijivu, kunguru wote waliokuwa juu ya nyaya wakaruka kwa pamoja.

Goti la Inaam likaanza kuuma.

Adib alisogeza gari pembeni, akashika kifua, akakunja uso. "Imeuma," alisema kwa mshangao. Akatulia, akavuta pumzi. "Na nina njaa ya kufa, Inaam. Kuna nini humu mjini cha kula?"

Asubuhi yake alikuwa na ndevu za siku mbili.

Aliishi miezi minne na wiki kadhaa. Aliliendesha kila siku, mvua na jua, hadi ziwani, hadi kwa wauza matunda ya cheri wa kaskazini. Tajiri wa Ohio alipopiga tena, Adib alimsogezea simu injini ikinguruma ili asikie mwenyewe, akakata. Mguu ulipokosa nguvu aliendesha Lubna, naye Adib akaketi nyuma akikosoa. Alifia kitandani kwake mwishoni mwa Julai, mchana, baada ya kulalamika kwamba tikiti maji halikuwa tamu.

Walimzika. Watu wakaja, watu wakaondoka. Inaam alifunga kabati la nguo za mumewe kwa ufunguo, akaweka ufunguo kwenye pochi. Hakulifungua Agosti, wala Septemba.

Oktoba, siku moja saa nne asubuhi, alipita mbele ya kabati lile, akanusa manukato ya Adib, mabichi kabisa, kama kajipulizia sasa hivi. Akalifungua. Mashati yalikuwa yamening'inia kwa mpangilio wake. Hakuna lililokuwa na vumbi. Aligusa mkono wa shati la mistari ya buluu, ukawa una joto. Kutoka nyuma kabisa ya nguo, taratibu, ikamjia usoni hewa baridi, ikarudi ndani, ikaja tena.

Inaam hakupiga kelele. Alichukua mifuko mikubwa ya takataka jikoni, akajaza kila kitu, mashati, suruali, soksi, hata kofia, huku machozi yanamdondoka kidevuni. Koti la baridi alilivaa yeye mwenyewe. Akaipakia mifuko kwenye Chevelle, akaipeleka yote msikitini kabla ya adhuhuri, akamwambia mhudumu, "Wape watu leo. Leo hii, usiweke stoo."

Wiki tatu baadaye alikuwa kwenye foleni ya mkate. Mbele yake alisimama mzee mmoja asiyemjua, amevaa shati la mistari ya buluu, mikono ameikunja hadi viwikoni. Kola ilikuwa imechakaa upande mmoja, na mgongoni, chini ya bega, palikuwa na doa la nyanya, kubwa, lililofuliwa vibaya.

Inaam alilitazama doa lile mpaka zamu yake ilipofika.